"Mke Tu": Jasho la Mwenzi Asiyetajwa katika Lugha na Sheria ya Ndoa Tanzania

Utangulizi

Iguguno ni kata iliyo kandokando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega. Hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iramba. Tangu hapo imo katika Wilaya ya Mkalama, yenye makao yake makuu Nduguti. Ni sehemu ya Tanzania ya kati yenye msimu mmoja tu wa mvua, na mvua yenyewe si ya kutegemewa kila mwaka. Wakazi wake hulima mtama, uwele, alizeti na vitunguu, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mwaka wa mavuno mema huziba pengo la mwaka wa njaa, na mikono ya watu wa nyumba moja huhesabiwa yote.

Katika mazingira ya namna hiyo, safari ya mtu kutoka jembeni hadi ofisini haijapata kuwa safari ya mtu mmoja. Mwanamume mwenye familia aliyekwenda Chuo cha Ualimu Kinampanda, au aliyepata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam, aliacha nyuma shamba, watoto, wazazi wazee na mifugo. Mara nyingi aliyevishika vyote hivyo alikuwa mkewe. Yeye ndiye aliyepalilia na kuvuna. Yeye ndiye aliyeuza alizeti na vitunguu ili nauli na ada vipatikane. Yeye ndiye aliyemuuguza mama mkwe wakati mtoto wa mama huyo yuko kwenye mtihani. Mume aliporudi na cheti, cheti kilikuwa na jina moja. Ndoa ilipokuja kuvunjika baada ya miaka kumi au ishirini, barazani mke akaulizwa swali ambalo wanawake wengi nchini wameulizwa: wewe ulichangia nini?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kufuata maneno yaliyotumika kuliuliza na kulijibu. Kiswahili kina maneno matatu yanayogusa jambo hili kwa karibu: kuchuma, mchango na kusomesha. Mawili ya kwanza yameingia katika mazungumzo ya kisheria na kuamua nani apate nini. La tatu, ambalo ndilo linalolitaja moja kwa moja tendo la mwenzi anayemwinua mwenzake, limebaki mdomoni mwa watu. Hoja ya mhadhara ni kwamba upungufu wa haki katika mashauri haya umetokana, kwa sehemu, na kuliacha neno hilo la tatu nje ya kumbukumbu.

Kuchuma

Watu wanapozungumzia mali ya wanandoa husema "mali waliyochuma". Kuchuma, kwa maana yake ya asili, ni kutoa tunda au jani mtini. Kwa kupanuka maana, neno limekuja kumaanisha kupata mali au faida. Picha iliyomo ndani ya neno haikupotea: mchumaji ni yule anayeonekana na kikapu siku tunda limeiva. Aliyepanda, aliyemwagilia na aliyefukuza ndege hayumo katika picha hiyo. Methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini huchukulia kuwa anayechuma na anayekula ni mtu mmoja. Katika ndoa, mara nyingi wamekuwa wawili.

Jambo hili halikuanza na ajira za serikali. Harold K. Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wanyaturu wa Wahi, majirani wa Wanyiramba katika mkoa huohuo wa Singida, alieleza jinsi samadi, nafaka na mifugo zilivyogeuzana thamani: samadi ilikuza nafaka, na ziada ya nafaka iliweza kugeuzwa kuwa mifugo. Katika mzunguko kama huo kazi ya mwanamke shambani hupita hatua kadhaa kabla ya kuwa utajiri. Hatua ya mwisho, yaani ng'ombe zizini, ndiyo inayohesabiwa na kuitwa kwa jina la mwenye zizi. Hatua za kwanza hazina jina la mtu.

Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa kwa watu wa dini na mila zote wa Tanzania Bara. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa waliipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawa, mahakama ilitakiwa kuzingatia mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyazingatia hayo, mahakama ielekee kwenye usawa.

Kwa wakati wake, kifungu hicho kilikuwa cha mbele. Kililitaja neno "kazi" sambamba na fedha na mali. Ila hakikusema kazi ipi. Je, kupika, kufua, kulea na kulima chakula cha nyumbani ni kazi iliyochangia kununua nyumba ya mjini? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo walioshika maana finyu, kwamba kazi za nyumbani ni wajibu wa mke na hazihesabiki. Wapo walioshika maana pana, kwamba zinahesabika. Mwanamke aliyefika mahakamani katika miaka hiyo alitegemea amempata jaji wa upande gani.

Shauri la Bi Hawa Mohamed

Mgawanyiko huo ulimalizwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa yao ilikuwa imevunjwa mwaka 1980 na Mahakama ya Mwanzo ya Ilala, Kariakoo. Bi Hawa alipoomba mgawo wa mali, mahakama hiyo ilikataa. Kwa muhtasari uliomo katika hukumu ya rufani, sababu ilikuwa kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake mwenyewe. Mahakama Kuu nayo haikumpa kitu. Alifika Mahakama ya Rufani kwa kusaidiwa na Kamati ya Msaada wa Sheria ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maneno "mke tu" yanastahili kutazamwa. Katika Kiswahili, "tu" ikifuata nomino hupunguza: mtoto tu, mgeni tu, kibarua tu. Anayeitwa hivyo hakanwi kuwa yupo, bali hukanwa kuwa uwepo wake una uzito katika jambo linalozungumzwa. Mahakama ya Mwanzo haikusema Bi Hawa hakufanya kazi. Ilichosema ni kwamba kazi yake ilikuwa imekwisha kuelezwa na kulipwa na hadhi yake ya kuwa mke.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani, iliyotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa hoja hiyo. Mahakama ilitazama kasoro ambayo Bunge lilikusudia kuitibu mwaka 1971, ikaiona kuwa ni unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake walioolewa. Ikaeleza kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya lazima ya shughuli za kiuchumi za mwanafamilia, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo mwenzi anayeulinda ustawi huo kwa kazi za nyumbani amechangia kupatikana kwa mali, hata kama jina lake halimo katika hati. Kwa lugha nyepesi, aliyepika chakula amemwezesha mwenzake kwenda kazini, na aliyemwezesha ana sehemu katika kile kilichopatikana.

Sehemu ya pili ya hukumu hiyo hunukuliwa mara chache zaidi. Bi Hawa hakupata kitu. Mahakama ilikubali ushahidi kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kufanyia biashara kwa faida ya familia, naye akazitumia vibaya. Ikaona kwamba kwa kufanya hivyo alikwisha kulimaliza fungu lake. Alishinda hoja lakini akashindwa shauri. Wanawake waliokuja baada yake walirithi kanuni ambayo yeye mwenyewe hakufaidi.

Mchango

Tangu mwaka 1983 neno linalotawala mashauri haya ni mchango. Neno hili linatokana na kuchanga, yaani kila mmoja kutoa chake ili kutimiza jambo la wote. Katika maisha ya kila siku ya Watanzania, mchango ni kitu chenye orodha: mchango wa harusi, wa msiba, wa ujenzi wa darasa. Kuna daftari, kuna jina, na mbele ya jina kuna tarakimu. Aliyetoa huandikwa. Aliyekuja kuchota maji na kukata kuni tangu alfajiri hashukuriwi kidogo kuliko mtoa fedha, lakini katika daftari la michango hayumo.

Mwanamke wa kijijini anapoulizwa barazani "ulichangia nini?", hulisikia swali kwa maana hiyo ya daftari, na mara nyingi hujibu kwa ukweli kwamba hakuchanga fedha. Jibu hilo huandikwa na kuwa ushahidi dhidi yake. Katika mashauri yaliyofuata lile la Bi Hawa, mahakama za juu zimesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na kwamba anayedai ni lazima athibitishe. Msimamo huo una mantiki, kwa sababu hakuna mahakama inayoweza kugawa kwa kukisia. Lakini ushahidi huanzia mahali, na kwa mtu wa Iguguno mahali hapo ni baraza la usuluhishi la kata, ambalo kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza, na baadaye Mahakama ya Mwanzo. Lisiloandikwa huko ni vigumu kulipata juu.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukilinganishwa na Kenya. Nchi hiyo haikuwa na sheria yake yenyewe ya mali ya wanandoa kwa miaka hamsini baada ya uhuru. Mahakama zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua shauri la Echaria. Mume alikuwa mwanadiplomasia. Mke aliacha ajira yake ili kufuatana naye katika vituo vya nje na kutimiza kazi zinazotarajiwa kwa mke wa balozi. Mahakama ilikiri kwamba kazi hizo zilikuwa na thamani kwa familia, lakini ikasema kwamba hakuna sheria iliyoruhusu zihesabiwe katika kugawa mali. Nusu ambayo mke alipewa na Mahakama Kuu ikapunguzwa.

Hapa hapakuwa na shaka juu ya ukweli wa mambo. Kila mtu alijua kwamba mke aliacha kazi yake kwa ajili ya kazi ya mumewe. Kilichokosekana ni neno la kisheria la kuliita tendo hilo. Bunge la Kenya lililitoa mwaka 2013 katika Sheria ya Mali ya Ndoa, iliyotaja waziwazi kazi za nyumbani, ulezi wa watoto, uandamani, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shamba kuwa ni mchango. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliongeza kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Katiba ya mwaka 2010 haumaanishi kugawana nusu kwa nusu bila uthibitisho. Kenya, kwa njia nyingine, ilifika palepale ilipofika Tanzania: mchango usio wa fedha unatambuliwa, lakini ni lazima usemwe na kuthibitishwa.

Kusomesha

Hadi hapa mali iliyozungumzwa ni nyumba, shamba, gari: vitu vinavyoonekana. Mwenzi wa Iguguno aliyetajwa mwanzoni anaweza kujikuta katika hali nyingine kabisa. Ndoa inavunjika miaka miwili baada ya mume kuhitimu. Hakuna nyumba ya mjini bado. Hakuna akiba, iliyokuwapo ilikwenda kwenye ada. Mbuzi waliuzwa. Alichokipata mume ni shahada, na kutokana nayo atapata mshahara kwa miaka thelathini ijayo. Kifungu cha 114 kinagawa mali. Elimu ya mtu haiuziki wala haigawiki, na mke anaondoka na kile kilichobaki baada ya mavuno yake yote kugeuzwa kuwa cheti cha mwingine.

Swali hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, Marekani, iliamua katika shauri la O'Brien kwamba leseni ya udaktari iliyopatikana wakati wa ndoa ni mali ya ndoa. Mke alikuwa amefanya kazi kumtegemeza mumewe katika masomo ya udaktari, naye mume akafungua shauri la talaka muda mfupi baada ya kupata leseni. Uamuzi huo ulisifiwa, na pia ulileta ugumu mkubwa wa kukadiria thamani ya mapato yasiyokuwapo bado. Mwaka 2015 Bunge la jimbo hilo lilibadili sheria, na kwa mashauri yaliyofunguliwa baadaye uwezo wa kipato ulioongezeka haukuhesabiwa tena kuwa mali yenyewe. Hata hivyo mahakama ziliachiwa nafasi ya kuzingatia mchango wa mwenzi katika kuuendeleza uwezo huo. Kile New York ilichokitafuta kwa miaka thelathini ni namna ya kumtaja mwenzi aliyemwinua mwenzake bila kuigeuza elimu kuwa bidhaa.

Kiswahili kinayo namna hiyo katika sarufi yake. Kauli ya kutendesha humtaja mtu aliyesababisha tendo lifanywe na mwingine. Kutokana na soma tunapata somesha. Zamani na hata sasa kusomesha huweza kuwa na maana ya kufundisha, lakini katika matumizi yaliyoenea leo neno hili linamhusu anayegharimia na kuwezesha masomo: mjomba amemsomesha mpwawe, mama mjane amewasomesha wanawe. Na watu husema, bila kusita, kwamba mwanamke fulani amemsomesha mumewe, au kwamba mwanamume fulani amemsomesha mkewe, kwa kuwa jambo hili lina pande zote mbili. Sentensi hiyo haiuliti orodha ya fedha. Inachukua kwa pamoja nauli, ada, chakula cha watoto, uvumilivu na shamba lililolimwa na mtu mmoja badala ya wawili. Anayesoma ni mume, lakini kiima cha sentensi ni mke.

Linganisha sentensi mbili zinazoweza kuandikwa na karani kuhusu jambo moja. Ya kwanza: "Mume alisoma chuo kikuu miaka mitatu, mke alikuwa nyumbani." Ya pili: "Mke alimsomesha mume chuo kikuu miaka mitatu, akilima na kutunza familia." Hakuna uongo katika sentensi yoyote kati ya hizo. Lakini ya kwanza inamfanya mke kuwa mahali, na ya pili inamfanya kuwa mtenda. Jaji atakayelisoma jalada miaka minne baadaye mjini, asiyemjua mwanamke huyo wala hali ya mvua ya Iguguno, ataamua kwa sentensi iliyomo.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba ndoa si mkopo, kwamba wanandoa husaidiana kwa mapenzi na wajibu, na kwamba kuhesabu kila sahani iliyooshwa ni kuidhalilisha ndoa yenyewe. Husemwa pia kwamba mitihani ilifanywa na mwanafunzi mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Lakini hesabu haianzishwi na mwenzi anayedai; inaanzishwa na kuvunjika kwa ndoa. Siku hiyo mshahara, nyumba na hati huhesabiwa bila mtu yeyote kusema kwamba ni kuyadhalilisha mapenzi. Pingamizi hilo huibuka tu inapofika zamu ya jasho. Na sheria haikudai kila sahani itajwe bei. Ilichodai ni kwamba, baada ya michango kutazamwa, mgawo uelekee kwenye usawa.

Hitimisho: lugha ya kumbukumbu

Kwa muda mrefu mashauri haya yaliendeshwa kwa lugha mbili. Mwanamke aliyazungumza kwa Kiswahili katika baraza na Mahakama ya Mwanzo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Juu ya hapo kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyoandikwa ile ya Bi Hawa, na kanuni iliyomtetea ikarudi kijijini kwa tafsiri, ikiwa imevaa neno mchango. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 1 ya mwaka huo, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji.

Badiliko hilo limejadiliwa zaidi kama suala la istilahi: neno gani litafsiri neno gani. Mashauri ya ndoa yanaonyesha kwamba tafsiri ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kusikiliza maneno ambayo wadaawa wanayo tayari, na kuyapa nafasi katika kumbukumbu kabla ya kuyabadilisha kwa istilahi. Wanaisimu wanaoandaa kamusi za sheria, na walimu wanaowafunza makarani na mahakimu, wana wajibu hapa usioweza kuachiwa wanasheria peke yao. Kitenzi chenye mtenda kinapogeuzwa kuwa nomino isiyo na mtenda, au kinapofupishwa kuwa "mama wa nyumbani" katika nafasi ya kazi, ushahidi hupungua hata kama hakuna aliyekusudia kuupunguza.

Katika baraza la kata, basi, swali lingeweza kuulizwa vingine. Badala ya "ulichangia nini?", mzee wa baraza angeuliza: "Mwenzako alipokuwa masomoni, nani alilima? Nani aliuza? Nani alilea?" Hayo ni maswali ambayo mwanamke yeyote wa Iguguno angeyajibu papo hapo, kwa miaka, kwa magunia na kwa majina ya watoto. Karani angeyaandika kama yalivyosemwa. Sheria iliyopo tangu mwaka 1971, na kanuni iliyopo tangu mwaka 1983, zingepata kitu cha kufanyia kazi.